Kideri kisitutangulie kambini

Kila msimu wa karafuu twahamia kambini, na kuku wetu tumewatia matengani. Huko hukutana kuku wa kila mtaa na kideri hupata njia. Kuku akishapinda shingo na kuhara kijani hana dawa. Mwarobaini na pilipili twazisikia sana, ila haziponyi. Kinga ni chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kwa kuku mzima tu, kifaranga na jogoo sawasawa, na irudiwe kila miezi minne. Basi wachanjeni mwezi mmoja kabla ya kuchuma. Changeni fedha na majirani, maana chupa moja huchanja kuku wengi na ikifunguliwa haikai. Isipigwe jua. Aliyekufa afukiwe, anayeumwa asiuzwe sokoni.