Namna Maandalizi ya Sampuli za Miamba Yanavyoweza Kubadili Hesabu ya Gesi Asilia

Taarifa rasmi zimekuwa zikitaja kiasi cha gesi asilia kilichogunduliwa nchini kuwa futi za ujazo trilioni 57.54. Mwananchi anaposoma takwimu hiyo huenda akadhani kwamba chini ya Songo Songo, Mnazi Bay na sakafu ya Bahari ya Hindi yamo mapango makubwa yaliyojaa gesi. Hali haiko hivyo. Gesi imehifadhiwa ndani ya miamba ya mchanga, katika vitundu vilivyo baina ya chembe na chembe, ambavyo vingi havionekani kwa macho. Kukadiria wingi wa gesi, kwa sehemu kubwa, ni kukadiria wingi wa vitundu hivyo. Na kukadiria kasi ya kuivuna ni kujua vitundu vimeunganika kwa kiasi gani.

Makadirio hayo hutokana na picha za mawimbi ya mtetemo, vipimo vinavyoshushwa kisimani, na vipande vya mwamba vinavyokatwa kutoka chini na kupelekwa maabara. Vipande ni vichache, lakini ndivyo vinavyotumika kusahihisha vipimo vingine, kwa hiyo kosa dogo katika kipande kimoja linaweza kusambaa hadi kwenye hesabu ya kitalu kizima.

Kipande hicho, ambacho kwa kawaida huwa na umbo la mche duara wenye kipenyo cha sentimita chache, hufika maabara kikiwa kimelowa maji ya chumvi, tope la uchorongaji na wakati mwingine mafuta. Hakiwezi kupimwa kikiwa hivyo. Huoshwa kwanza kwa vimiminika kama toluini, ambayo huyeyusha mafuta, kisha methanoli, ambayo huondoa chumvi. Chumvi isipoondolewa yote, maji yanapokauka huacha fuwele ndani ya vitundu, na mwamba huonekana kuwa na nafasi ndogo kuliko iliyopo.

Hatua yenye hatari zaidi ni ukaushaji. Tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi hukausha haraka, na kwa mchanga safi halina madhara makubwa. Lakini miamba mingi ina udongo mfinyanzi ndani yake. Aina moja, iitwayo ilaiti, huota ndani ya vitundu kama nywele nyembamba. Maji yanapokauka, mvutano wa uso wake huzilaza nywele hizo kwenye kuta za vitundu, mfano wa nyasi zilizolazwa na mafuriko. Njia hufunguka, na gesi hupita maabara kwa urahisi ambao haupo kule chini. Jambo hili lilidhihirika katika miaka ya 1980 kwenye mwamba wa mchanga wa Magnus, katika Bahari ya Kaskazini ya Uingereza: sampuli zilizokaushwa hewani zilipitisha gesi mara nyingi zaidi ya zile zilizokaushwa kwa njia maalumu isiyoacha uso wa kimiminika kuvuta nywele hizo.

Pale penye jasi, joto hufukuza hata maji yaliyo sehemu ya fuwele zenyewe, na hivyo huzaliwa nafasi ambayo haikuwahi kuwapo. Ndiyo sababu miamba ya namna hii hukaushwa taratibu, kwa joto la nyuzi 60 hivi na unyevu unaodhibitiwa.

Ukubwa wa sampuli nao una athari. Mwamba ukisagwa ili upimwe kwa gesi ya naitrojeni, vitundu vilivyokuwa vimefungwa hufunguliwa na kuhesabiwa. Zebaki inaposukumwa ndani kwa shinikizo, hupima upana wa mlango wa kitundu, si wa chumba chenyewe. Chumba kikubwa chenye mlango mwembamba huandikwa kuwa kitundu kidogo.

Athari yake kwa Taifa si ndogo. Iwapo vitundu ni asilimia 15 ya mwamba lakini maabara ikasoma 18, mambo mengine yakibaki vilevile, gesi inayokadiriwa huongezeka kwa sehemu tatu za kumi na tano, yaani asilimia 20 nzima. Ukubwa wa bomba, idadi ya visima na mapato yanayotarajiwa hupangwa kwa makadirio ya aina hiyo.

Kwa sababu hiyo ripoti nzuri ya maabara haitoi namba pekee. Hueleza sampuli ilioshwa kwa nini, ilikaushwa kwa joto gani na kwa saa ngapi, na ilipimwa chini ya shinikizo gani, kwani mwamba uliotolewa kilometa kadhaa chini hutanuka kidogo unapofika juu. Sehemu ya mwamba huachwa bila kuoshwa, ikiwa imefungwa isipitishe hewa, ili kipimo kiweze kurudiwa baadaye. Kipimo cha zebaki huachwa kuwa cha mwisho, kwa kuwa kipande kikishaingia zebaki hakifai tena kwa kipimo kingine.