Pedali ya Besi Inavyohesabu Mawimbi

Ukimuuliza mpiga besi chipukizi wa mji wetu wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, anataka pedali gani, aghalabu atakujibu kwa idadi: ile yenye vionjo mia vya sauti, ile yenye mia mbili. Wauzaji wanaujua ugonjwa huo, ndiyo maana idadi huchapwa kwa wino mzito kwenye boksi. Kipimo hicho hakifai. Anayejifunzia besi nyumbani hutumia vionjo vinne au vitano. Vingine hulala humo mpaka kisanduku kife. Maswali ya kuuliza kabla pesa hazijatoka mfukoni ni mawili: uzi wa mi ukipigwa wazi kisanduku kinafanya nini, na umeme wake kinautoa wapi.

Uzi wa mi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti nayo husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la mi lina urefu wa mita nane na ushei. Nyumba gani mtaani ina chumba cha mita nane? Wimbi linagonga ukuta na kurudi, na chumba chenyewe ndicho kinachochagua noti ya kukuza. Kama ukuta na ukuta zimeachana mita nne, itakayonguruma ni mi yenyewe au fa iliyo jirani yake, kwenye hezi 43 hivi. Ukipanda noti chache juu yake, besi inanywea ingawa kidole kimepiga kwa nguvu ileile. Mabati yanaanza kulia. Mchezaji analaumu gitaa, na jirani analaumu mchezaji, maana mawimbi marefu namna hiyo hayazuiliki kwa ukuta wa tofali moja.

Ndiyo sababu pedali ya nyumbani kwangu mimi ni ya hedifoni kwanza. Iwe na tundu la hedifoni, na tundu la pili la kuingizia wimbo kutoka kwenye simu. Kisanduku kisicho na hayo mawili kiachwe dukani hata kikiwa na vionjo elfu. Hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth za kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na hakuna mtu anayeweza kupiga sebene, ile sehemu ya kasi ya rumba, huku kila noti inamfikia ikiwa imeshapitwa.

Sasa niingie kwenye kionjo ninachokipenda kuliko vyote, kinachotukanwa bila haki: oktavu. Kazi yake ni kuongeza, chini ya noti uliyopiga, noti ileile oktavu moja au mbili chini zaidi. Kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali yake ya OC-2 mwaka 1982, na hadi leo tabia ya kisanduku kile kidogo huigwa ndani ya pedali nyingi za vionjo vingi. Pino Palladino, mpiga besi wa kutoka Wales, aliitumia sana miaka ya 1980 kwenye besi yake isiyo na vizuizi shingoni. Wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza kwenye pedali yao wenyewe husema imeharibika: inakoroma, inaruka, inatapika noti. Haijaharibika. Inahesabu, na umeipa hesabu mbovu.

Oktavu ya kale haijui do wala re. Inachofanya ni kungoja wimbi la umeme kutoka kwenye gitaa lipande na kuvuka mstari wa sifuri. Kila likivuka, swichi ndogo ya kielektroniki inageuka, kama bawabu anayemfungulia mlango mgeni mmoja na kumfungia anayefuata. Kwa kuwa swichi inahitaji mivuko miwili ili ikamilishe mzunguko wake mmoja, kinachotoka ni nusu ya kilichoingia. La iliyo wazi ni hezi 55. Swichi inageuka kwa mwendo wa hezi 27.5, sawasawa na la ya mwisho kushoto kwenye piano. Ukiweka swichi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, unapata oktavu mbili. Hesabu yote imeishia hapo, bila kompyuta.

Ufundi wenyewe uko kwenye hatua inayofuata. Swichi tupu hutoa sauti ya mraba, kavu, kama king'ora. Saketi nzuri haitumii sauti hiyo. Hutumia swichi kugeuza wimbi lako halisi kichwa chini miguu juu katika kila mzunguko wa pili, kisha huchuja makali. Kwa njia hiyo noti ya chini inavimba na kufifia pamoja na kidole chako, kwa sababu imetengenezwa kwa sauti yako mwenyewe.

Shida ni kwamba uzi hautetemi kwa namna moja tu. Uzi wa mi ukitetema mara 41, vipande vyake navyo vinatetema mara 82, 123, 164 na kuendelea. Ukiupiga karibu na daraja, vipande hivyo vinapata nguvu, wimbi linaota vibonde na vilima vya ziada, na linavuka sifuri mara mbili pale lilipopaswa kuvuka mara moja. Swichi haina habari. Inageuka kila inapoona mvuko. Hapo ndipo noti inaporuka juu na kurudi, na mwenye pedali anaanza kutafuta mnunuzi. Ukipiga nyuzi mbili kwa pamoja ni balaa zaidi, maana hakuna hesabu moja ya kuhesabu.

Dawa iko mikononi. Funga kitasa cha toni kwenye gitaa. Sogeza vidole kuelekea shingo. Zima kwa kiganja nyuzi zisizopigwa. Cheza kuanzia uzi wa la kwenda juu, kwenye re na sol, ambako mawimbi ni mafupi na swichi inayakamata haraka. Mi iliyo wazi usiipe oktavu kabisa: nusu yake ni hezi 20.6, na sikio la binadamu linaishia kwenye 20 hivi. Utakachokuwa umefanya ni kuitikisa spika bure na kula betri.

Kuna jambo jingine ambalo hata wapigaji wazoefu hulisahau. Mzunguko mmoja wa mi huchukua milisekunde 24, na mzunguko mmoja wa oktavu yake milisekunde 49. Hakuna pesa inayoweza kufupisha hapo; wimbi lazima lipite ndipo lihesabiwe. Sebene ikienda kwa mapigo 130 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 115 tu, yaani karibu nusu ya noti imekwisha kabla oktavu haijajitambulisha. Besi ya kwetu haikujengwa kwa kujaza. Inaacha mapengo, inadunda na kunyamaza, ngoma inaingia katikati. Rumba ya Kongo, iliyoandikishwa na UNESCO Desemba 2021 kama urithi wa binadamu, ina sehemu mbili zenye mahitaji tofauti: pale mwimbaji anapobembeleza, oktavu kidogo chini ya noti ndefu inapendeza, sebene ikianza, mguu ukanyage na oktavu izimwe. Flavien Makabi wa TPOK Jazz na Ngouma Lokito wa Soukous Stars walijijengea jina kwa vidole, na pengo lao lilikuwa noti pia.

Siku hizi zipo oktavu za kidijitali zinazochambua sauti nzima kwa hesabu na kuweza kushusha hata noti mbili kwa wakati mmoja. Boss wenyewe waliingiza uwezo huo kwenye OC-3 mwaka 2003. Ni safi, hazikoromi. Kwa masikio yangu ni safi mno.

Tuseme huna hedifoni na unachomoa sauti kupitia spika ndogo ya redio. Spika hiyo haiwezi kutoa hezi 41 hata ukiipigia magoti. Lakini sikio lina ujanja: likisikia 82, 123 na 164 kwa pamoja, ubongo unaijaza ile 41 isiyokuwepo, nawe unaapa kwamba umesikia mi. Kwa hiyo kionjo cha kukwaruza, kikiwekwa kidogo sana, kinaisaidia besi isikike kwenye spika ndogo, kwa kuwa kukwaruza ndiko kunakozalisha hizo sauti za juu. Watu wanaodhani mkwaruzo ni wa rock tu wakasikilize Konono No. 1, kundi la Mingiedi Mawangu kule Kinshasa, waliotengeneza vinasa sauti vya likembe zao, ala za kupigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za vipuri vya magari. Vifaa vilikwaruza, wao wakauchukua mkwaruzo wakaufanya ndio muziki, na albamu yao ya Congotronics, ya mwaka 2004, ikauzunguka ulimwengu.

Nije kwenye umeme, ninapokereka zaidi. Nyumba nyingi za Baraka, na za Fizi kule mlimani, zinaishi kwa sola na betri ya volti 12. Mtu ananunua pedali, anachukua volti 12 za betri, anazipandisha kwa inveta hadi 220, kisha adapta inazishusha tena hadi 9. Pedali ndogo ya kidijitali inakula wati chache tu. Inveta nyingi zinakula zaidi ya hizo hata kabla hujachomeka kitu. Huo ni uharibifu wa jua. Halafu inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini, hutoa la ngazi ngazi, na ngazi hizo huingia kwenye besi kama mvumo wa nyuki ambao mtu anadhani ni ubovu wa kebo.

Tafuta pedali inayokubali volti 5 za USB. Zoom B1 Four, iliyotoka 2019, inakubali. Inakubali pia betri nne za AA na adapta ya volti 9. Chaja ya gari ya kuchomekwa kwenye volti 12, au pawabenki iliyojazwa mchana, inatosha kwa jioni nzima, na pawabenki haivumi. Boss GT-1B ya 2017 ni imara zaidi kwa kukanyagwa, nayo inatumia betri nne za AA au adapta yake ya volti 9. Ukilazimika kutumia adapta, tazama mchoro mdogo pembeni mwa tundu. Pedali karibu zote hutaka hasi iwe katikati na chanya nje. Adapta za modemu za intaneti zilizojaa sokoni zina chanya katikati, nyingi ni za volti 12, na pini yake inaingia kwenye tundu lilelile bila kusukumwa. Pedali ndogo ya kale ikipigwa hivyo huunguza diodi moja ya kinga, na fundi wa redio anaibadilisha ukingoja. Ya kidijitali ina vipande vidogo kama punje za ulezi vilivyogandishwa juu ya bodi, na mafundi wetu hawajapewa vifaa vya kuvigusa. Tuna vijana wenye mikono mizuri kutoka Uvira hadi Kalemie, lakini mafunzo ya kazi hiyo hakuna anayeyafikiria, kwa hiyo pedali ikiungua inakuwa taka.

Na taka ina mahali pa kwenda. Betri za bei ya chini huchoka haraka kwenye pedali, huvuja na kula springi, kisha hutupwa mtaroni, mvua ikazisukuma hadi ziwani. Maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie. Kinachoingia humo hakina haraka ya kuondoka, na samaki wetu wanatoka humohumo. Nunua betri nne za kuchaji; bei yake inarudi baada ya miezi michache. Usipocheza kwa wiki nzima, zitoe.

Vingine nitavitaja kwa haraka. Tyuna, ambayo peke yake inastahili nusu ya bei. Mdundo wa ngoma wa kufanyia mazoezi. Lupa ya kurekodi kipande na kukirudia ili ujipigie juu yake. Kompresa, kwa kiasi. Mwangwi, karibu hauna kazi kwenye besi. Korasi, kwa wanaopenda. Uigaji wa amplifaya, mmoja au miwili inatosha. USB ya kurekodi kwenye kompyuta, kama ipo kompyuta.

Pedali zinafika Baraka kwa barabara ya Uvira au kwa boti za ziwani, na anayeuza mara nyingi hajui kitu kingine zaidi ya idadi ya vionjo. Nenda na besi yako, hedifoni zako na pawabenki. Zima kila kitu, washa oktavu peke yake, funga toni, piga la iliyo wazi na uiache ife yenyewe. Noti ya chini ikidumu hadi karibu na mwisho bila kuruka, saketi yake inahesabu vizuri. Kisha piga fa ya chini kwa vidole vya kawaida, bila kionjo chochote, usikilize kama kuna mvumo. Muuzaji akikataa uchomeke chako, mwachie pedali yake.