Kipindupindu Fizi: Jinsi chembe za fedha zinavyopambana na vijidudu majini

Familia nyingi za Baraka na vijiji vya pwani ya Fizi, mkoani Kivu Kusini, hutegemea maji ya Ziwa Tanganyika. Ndani ya bidoni maji hayo huonekana safi, lakini eneo hili ni miongoni mwa yale ya mashariki mwa Kongo ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara.

Njia mojawapo ya kusafisha maji nyumbani ni chungu cha kuchujia kilichopakwa chembe za madini ya fedha, kilichobuniwa Guatemala mwaka 1981. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au makapi ya mpunga. Vikiungua tanuruni, huacha vitundu vidogo vinavyopitisha maji na kuzuia vijidudu vingi.

Siri ya fedha hiyo ni udogo wake. Chembe za nano zina upana wa nanomita 1 hadi 100, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Kipande cha metali chenye sentimita 1 kila upande kina eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Kikigawanywa kuwa vipande vya nanomita 10, eneo hilo hufikia mita 600 za mraba, yote yakigusana na maji.

Chembe za chuma za udogo huo hushika kutu haraka majini na kutoa gesi ya hidrojeni. Fedha huenda taratibu: oksijeni iliyomo majini huula uso wake, nazo ioni hutoka, hunata kwenye bakteria na kuharibu utando wake.

Hata hivyo, matope na chumvi hunasa ioni hizo, hivyo maji machafu yaachwe yatulie kwanza. Klorini nayo huila fedha. Itiwe baada ya maji kuchujwa, si kabla. Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 0.1 za fedha kwa lita zinaweza kuvumilika bila madhara.

Afrika Mashariki ina wataalamu wa fani hii. Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, Tanzania, alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio linalotumia mchanga na teknolojia ya nano.

Chungu pekee hakitoshi. Maji yaliyochujwa huchafuka tena yakichotwa kwa kikombe au mkono mchafu, hivyo yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba. Anayeharisha maji maji apewe mchanganyiko wa chumvi na sukari wa ORS na kupelekwa kituo cha afya bila kukawia.