Gari likikosa sailensa, usikimbilie dukani

MFANYABIASHARA anayesomba ndizi za Tarime kwenda Mugumu, Serengeti, hupata hasara kubwa gari likizimika kila anapopunguza mwendo. Fundi asiyepima humnunulisha pampu, kisha plagi, kisha sensa, na faida ya mzigo huishia dukani.

Kwa gari la petroli lenye mfumo wa EFI, kama Toyota Corolla za miaka ya 1990, anza na vipimo visivyo na gharama. Injini ikishapata moto, mizunguko hutakiwa kutulia kwenye takriban 700 hadi 850 kwa dakika. Ikipanda na kushuka, huenda hewa inaingia kwa wizi. Paka maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa, mbali na nyaya. Mlio ukibadilika, hapo pamepasuka.

Mipira ikiwa mizima, kagua mlango wa hewa na vali ya sailensa, ambavyo huzibwa na vumbi na masizi. Visafishwe kwa dawa ya kabureta, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kukaza skrubu ili sailensa ipande ni kuficha ugonjwa, na mafuta yatazidi kuliwa.