Matanga yasiyoanuliwa

Kulia si kukufuru. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, na Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahimu. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike huzuni. Aliwakataza huzuni isiyo na tumaini. Hapo kanisa na msikiti havina ugomvi.

Kuna matanga lakini yasiyoanuliwa. Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, watu wakienda kazini, wakafa 272. Mama mmoja jirani yangu huku Likoni, Mkristo, alipotelewa na mwanawe. Kila usiku akampakulia sahani yake, na wadogo wa marehemu wakala kimya. Yeye hakulia, wala hakutaka mwingine alie. Wanawake wa kanisa lake hawakumhubiria (nao kwa kuhubiri, wallahi, ni hodari!), walikuja kila Alhamisi wakakaa naye jikoni, wakamtaja kijana kwa jina, wakasimulia utundu wake. Mwaka wa tatu akaangua kilio. Usiku ule sahani ilibaki kabatini, na watoto wakamwuliza, kwa mara ya kwanza, kaka yao alipenda chakula gani.