Shina na Hewa Yake: Athari za Oksijeni kwa Seli-Shina Zikuzwazo Maabarani

Utangulizi

Mwanafunzi wa mofolojia hahitaji kuelezwa namna sehemu ndogo ya neno, kama vile -lim-, inavyozaa mkulima, kilimo na limika kwa kutegemea viambishi inavyopokea. Biolojia nayo ina shina lake. Seli-shina ni seli ambayo haijajitwalia kazi maalumu: yaweza kujigawa ikazaa nyingine mfano wake, au ikazaa seli zenye kazi mahususi kama vile za damu, mfupa au neva. Makala haya yananuia kueleza namna kiwango cha oksijeni kinavyoathiri seli hizo zinapokuzwa maabarani, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa Pwani.

Makao ya Asili

Hewa tuivutayo ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Ndani ya mwili, hata hivyo, kiwango hicho hupungua kadiri damu inavyosafiri kutoka mapafuni. Katika uboho wa mifupa, ambamo seli-shina za damu hukaa, oksijeni aghalabu huwa kati ya asilimia 1 na 6 hivi. Kwa hivyo, seli itolewayo ubohoni na kuwekwa katika hewa ya kawaida haipati neema. Hupambana na oksijeni iliyozidi mara kadhaa ile iliyoizoea.

Ziada hiyo ina madhara. Seli inapotumia oksijeni kwa wingi, huzalisha kemikali kali ziwezazo kuharibu DNA. Seli iliyojeruhiwa hivyo huweza kuzeeka mapema, kuacha kujigawa, au kugeuka seli ya kazi maalumu kabla ya wakati. Katika oksijeni haba, seli-shina nyingi hupata nguvu kwa kuvunja glukosi bila ya kutegemea oksijeni, na hivyo kuhifadhi ushina wake kwa muda mrefu zaidi.

Seli Hujuaje?

Swali hili lilijibiwa na William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Seli huunda daima protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwa tele, protini hiyo hutiwa alama na kuvunjwa mara moja. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi. HIF hulimbikizana, ikaingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni zinazoisaidia seli kuishi katika hali hiyo.

Maarifa haya yamebadilisha kazi ya maabara. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walionyesha kwamba kuzirejesha seli za kawaida katika hali ya ushina hufanikiwa zaidi katika asilimia 5 ya oksijeni kuliko katika hewa ya kawaida. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikusanya seli-shina za damu katika asilimia 3 ya oksijeni, bila ya kuziacha ziguswe na hewa ya nje, wakapata nyingi zaidi kuliko walipozikusanya kwa njia ya kawaida. Ili kupunguza oksijeni, kabati la kukuzia seli huingizwa gesi ya naitrojeni. Hata hivyo, haba si sufuri: seli ikinyimwa oksijeni kabisa, hudumaa na hatimaye kufa.

Mombasa na Nairobi

Hapa pana jambo ambalo asilimia pekee hailielezi. Tononoka, kisiwani Mombasa, iko karibu na usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni takriban milimita 760 za zebaki. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo yake ni milimita 620 hivi. Kotekote oksijeni ni asilimia 21. Lakini Mombasa hiyo ni sawa na milimita 160, ilhali Nairobi ni 130. Vivyo hivyo, kabati lililowekwa asilimia 5 litazipa seli milimita 38 Mombasa na 31 Nairobi. Mtafiti anayelinganisha matokeo ya miji hii miwili hana budi kutaja kanieneo pamoja na asilimia. La sivyo, atadhani amefanya jaribio moja ilhali ni mawili.

Umuhimu kwa Pwani

Siko seli ni ugonjwa wa kurithi uliokita mizizi katika maeneo yaliyozoea malaria, Pwani ya Kenya ikiwamo. Chembe nyekundu za mgonjwa hupinda kama mundu oksijeni inapopungua, zikaziba mishipa. Ajabu ni kwamba seli-shina inayozizaa hustawi katika uhaba huohuo. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli-shina za mgonjwa hutolewa, jeni zake zikahaririwa maabarani, kisha akarudishiwa. Gharama yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Basi kila seli inayopotea kwa sababu ya hewa isiyofaa ni hasara kubwa.

Hitimisho

Mzazi wa Tononoka anayempeleka mwanawe Hospitali Kuu ya Pwani kwa ajili ya siko seli anastahili kuyapata maelezo haya kwa lugha aijuayo. Wapo wachuuzi wanaouza unga na vidonge kwa jina la seli-shina. Aliyefahamu kwamba seli-shina ni kitu hai, kinachodhurika hata kwa hewa ya kawaida, atauliza imewezaje kuishi ndani ya pakiti. Kumwezesha kuuliza swali hilo kwa Kiswahili ni kazi yetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii, kwa kushirikiana na wenzetu wa sayansi.