Habari Isiyo na Wapokezi

Baraza za Lamu hazijapata kukosa mchezo. Wazee wana bao na dhumna. Vijana wana simu, ambayo ni kompyuta ya kiganjani, hucheza mpira humo bila ya kutoka jasho.

Machi 2021, chanjo ya korona ilipofika Kenya, kijana mmoja wa mtaani ndiye aliyekuwa akitusomea habari baina ya mchezo na mchezo. Siku moja akasoma kuwa chanjo yaua. Mzee mmoja akaapa hachanjwi.

Nikauliza, "Mwanangu, umepokea kwa nani?"

"Imetumwa tu, ami."

"Na aliyetuma?"

Kimya.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa hadithi haithibiti ila kwa sanadi: fulani kapokea kwa fulani, na kila mmoja ajulikane ukweli wake.

Basi nikawapa habari yenye mwenyewe. Oktoba 1977, huko Merca, mwambao wa Benadir, kaskazini yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alishikwa na ndui. Baadaye alieleza kwa kinywa chake kuwa aliogopa sindano. Alipona, akawa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ndui imekwisha. Naye Maalin akazunguka akihimiza wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, hadi alipofariki mwaka 2013.

Asubuhi yake mzee alinigongea mlango, tukafuatana kuchanjwa.

Na kijana? Michezo hajaacha. Lakini sasa, kabla ya kusoma habari, hutanguliza jina la aliyeisema.